Viwango vya Riba na Usomaji wa Meneja

Riba ni malipo anayotoa mkopaji kwa kutumia fedha za mwingine kwa muda fulani. Hutajwa kwa asilimia, aghalabu kwa mwaka. Ndani ya asilimia hiyo mna gharama ya benki kupata fedha, gharama za kuendesha shughuli zake, tahadhari dhidi ya wasiolipa, na faida. Mfumuko wa bei nao huhesabiwa: anayekopa kwa asilimia 16 wakati bei zinapanda kwa asilimia 4 analipa riba halisi ya takriban asilimia 12.

Riba ya Benki Kuu

Nchini Tanzania, Benki Kuu ilianza kutumia riba yake kama nyenzo kuu ya sera ya fedha Januari 2024, kwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo iliipandisha hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Kiwango hiki huongoza riba ambazo mabenki hutozana yanapokopeshana. Hakimfikii mteja moja kwa moja, ndiyo maana mkopo wa benki kwa mteja hugharimu zaidi ya mara mbili yake.

Ili kushusha riba ya mikopo, Kenya ilijaribu njia ya sheria. Kuanzia Septemba 2016, riba ya mikopo ilizuiwa isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo. Mabenki yalielekeza fedha zaidi kwenye dhamana za serikali, na wafanyabiashara wadogo wakakosa mikopo. Ukomo huo ulifutwa Novemba 2019.

Namna ya kukokotoa

Asilimia ileile inaweza kuzaa gharama mbili tofauti. Chukua mkopo wa shilingi 12,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Riba ikitozwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, mkopaji hulipa riba ya 2,160,000. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, hulipa takriban 1,202,000. Njia ya kwanza ni sawa na kutozwa karibu asilimia 32 kwa njia ya pili, kwa kuwa mkopaji anaendelea kulipia fedha alizokwisha kurejesha. Hapo bado ada ya maombi na bima ya mkopo.

Mahali pa usomaji

Meneja anayesoma habari za riba siku anayohitaji mkopo hukuta mkataba mezani na muda umekwisha. Anayesoma kwa mazoea huona mwelekeo mapema. Kamati ya Sera ya Fedha ya Tanzania hutangaza uamuzi wake kila robo mwaka pamoja na sababu zake: mfumuko wa bei, thamani ya shilingi, mwenendo wa uchumi wa dunia. Taarifa hiyo, mnada wa hatifungani za serikali na kurasa za biashara za gazeti vinatosha kumwonyesha kama ni wakati wa kukopa, kusubiri au kulipa deni mapema.

Nusu saa kwa wiki inatosha kujenga mazoea hayo. Meneja na asitie saini mkataba wa mkopo kabla ya kupewa jedwali la marejesho na kujua jumla ya shilingi zitakazotoka, kwa maana asilimia peke yake haimwambii gharama.