Senti za Kanisani: Watoto Weusi na Muziki wa Klasiki Marekani

Hadi katikati ya karne ya 20, vyuo vingi vya muziki nchini Marekani viliwafungia mlango vijana Weusi. Kazi ya kukuza vipaji vyao ikabaki kwa wazazi, walimu wa mtaani na, zaidi ya wote, makanisa.

Hata pale mlango ulipokuwa wazi, wazazi waliingia kwa tahadhari. Mtunzi Florence Price, aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, alifundishwa piano na mama yake mzazi. Mwaka 1903 alijiunga na New England Conservatory mjini Boston, chuo kilichokuwa kikipokea Weusi. Hata hivyo, kwa ushauri wa mama yake, alijiandikisha kuwa mwenyeji wa Pueblo, Mexico, ili asihesabiwe kuwa Mweusi. Inauma kufikiri kwamba mama aliyemfundisha mtoto noti za kwanza alilazimika pia kumfundisha kuficha asili yake. Mwaka 1933 Chicago Symphony Orchestra ilipiga simfoni yake, mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya nchi hiyo kupiga simfoni ya mwanamke Mweusi.

Mjini Philadelphia, mwimbaji Marian Anderson, aliyezaliwa mwaka 1897, hakuwa na mzazi wa kumfundisha muziki. Baba yake aliuza barafu na makaa ya mawe. Piano ilipatikana, lakini fedha za mwalimu hazikuwapo, na mtoto akajifundisha mwenyewe. Shule yake halisi ilikuwa kwaya ya kanisa la Union Baptist, aliyoingia akiwa na miaka sita. Huko alijifunza sauti zote, kuanzia soprano hadi besi, akawa anaziba pengo la mwimbaji yeyote asiyefika. Baba alipofariki, mama alilea mabinti watatu kwa kufua na kusafisha majumba ya watu.

Msichana huyo alipokwenda kuomba nafasi katika shule moja ya muziki ya mjini humo, alipanga foleni kama wengine. Karani akawahudumia wote waliomfuata, na mwishowe akamwambia kwamba Weusi hawapokelewi. Waumini wa Union Baptist ndio walioitatua shida hiyo: walichanga senti zao, wakaandaa tamasha la kuchangisha, na fedha hizo zikamlipia masomo kwa Giuseppe Boghetti, mwalimu aliyejulikana sana. Mwaka 1941 Anderson alipotunukiwa tuzo ya dola 10,000, aliitumia kuanzisha mfuko wa kuwasaidia waimbaji vijana. Camilla Williams, mmoja wa walionufaika nao, aliimba New York City Opera mwaka 1946. Anderson mwenyewe alipewa nafasi Metropolitan Opera mwaka 1955 tu, akiwa na miaka 57.

Utaratibu huohuo wa kuchangiana ulimlea Eunice Waymon, aliyezaliwa Tryon, North Carolina, mwaka 1933. Mama yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na mtumishi wa nyumbani. Mwajiri wake, mwanamke Mzungu, ndiye aliyeanza kumlipia mtoto masomo ya piano kwa Muriel Mazzanovich, Mwingereza aliyemtia mapenzi ya Bach. Kisha mji ukaanzisha mfuko kwa jina la Eunice. Katika onyesho moja, akiwa na miaka 11 hivi, aliona wazazi wake wakiondolewa viti vya mbele ili Wazungu wakae. Akasimama, akakataa kupiga hadi warudishwe. Walirudishwa.

Mfuko huo ulimpeleka chuo cha muziki cha Juilliard kwa kipindi cha kiangazi mwaka 1950, kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha Curtis Institute, Philadelphia. Familia ilihamia mji huo kwa kutarajia kuwa angekubaliwa, na mwaka 1951 akakataliwa. Maisha yake yote aliamini kuwa sababu ilikuwa rangi yake. Watu wa Curtis walilipinga hilo, ingawa mwaka 2003, siku chache kabla ya kifo chake, chuo kilimpa shahada ya heshima. Hakuacha kusoma. Alichukua masomo ya faragha kwa Vladimir Sokoloff, mwalimu wa chuo hicho, na ili kuyalipia akaanza kupiga piano katika baa ya Atlantic City mwaka 1954. Kwa kuwa mama yake, mhubiri, asingevumilia kusikia habari hiyo, alijibandika jina jipya: Nina Simone.