Canning Town, Oktoba 2019: Abiria Walipomshusha Mwanaharakati Juu ya Treni

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2019, saa ambayo wafanyakazi wa London huwahi kazini, wanaume wawili walipanda juu ya paa la treni katika stesheni ya Canning Town, mashariki mwa jiji hilo. Walikunjua bango lenye ujumbe kwamba kuendelea na shughuli kama kawaida ni kifo. Walikuwa wafuasi wa Extinction Rebellion, vuguvugu lililozinduliwa Uingereza mwaka 2018 kuishinikiza serikali ichukue hatua za haraka dhidi ya mabadiliko ya tabianchi.

Treni haikuweza kuondoka. Jukwaa likafurika watu. Abiria wakaanza kuzomea, kisha wakarusha vitu. Mmoja wao alipojaribu kupanda alipigwa teke na aliyekuwa juu. Hatimaye mwanaharakati mmoja alivutwa miguu, akaanguka katikati ya umati na kupigwa. Waliomkinga ni wahudumu wa stesheni pamoja na baadhi ya abiria hao hao waliokuwa wamecheleweshwa.

Video ya tukio hilo ni fupi, nami nimezoea kuwaonyesha wanafunzi wangu tunapofikia mada ya harakati za umma. Kila mara darasa hugawanyika. Wapo wanaowaona abiria kuwa watu wasiojua kwamba nyumba yao inaungua, na wapo wanaowaona wanaharakati kuwa watu wenye shibe wanaowachezea wenye njaa. Pande zote mbili huniudhi kidogo, kwa kuwa zote hutoa hukumu kabla ya kuuliza swali la kwanza la mwanahistoria: tukio hili lilitokea wapi, na waliokuwapo walikuwa akina nani?

Canning Town iko katika wilaya ya Newham, mojawapo ya sehemu za London zilizozoea umaskini na hewa chafu. Ni mtaa uliokua pamoja na bandari, viwanda na mitambo ya gesi ya karne ya 19. Mwaka 1889 wafanyakazi wa mitambo ya gesi ya Beckton, jirani na hapo, waliunda chama chao wakiongozwa na Will Thorne, wakafanikiwa kupunguza zamu ya kazi kutoka saa 12 hadi saa 8. Miezi michache baadaye vibarua wa bandari za London waligoma wakidai peni 6 kwa saa. Mgomo huo ulifunga bandari kuu ya dola kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Hata hivyo, wananchi wengi waliwaunga mkono, na michango ya maelfu ya pauni ikatoka hadi Australia. Mwaka 1892 wapiga kura wa eneo hilo hilo walimpeleka bungeni Keir Hardie, mmoja wa waasisi wa siasa za wafanyakazi nchini Uingereza.

Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wa Canning Town hawaelewi maana ya kusimamisha shughuli ili haki ipatikane. Babu zao ni miongoni mwa walioufundisha ulimwengu mbinu hiyo. Swali gumu zaidi ni kwa nini mbinu iliyopendwa mwaka 1889 ilichukiwa mwaka 2019 katika mtaa ule ule.

Jibu la kwanza linahusu shabaha. Treni za chini ya ardhi za London huendeshwa kwa umeme. Kwa mtu anayetaka kupunguza gesi ya ukaa, treni ya namna hiyo ni sehemu ya tiba. Waandaaji walikuwa na hoja yao: walitaka kugusa mishipa ya uchumi wa jiji, na njia hiyo hupeleka watu Canary Wharf, penye makao ya mabenki makubwa. Lakini wenye mabenki hawakuwa wamesimama kwenye jukwaa lile alfajiri. Waliokuwapo ni wajenzi, wasafishaji, wauguzi na makarani, wengi wao wakiwa watu ambao saa moja ya kuchelewa hukatwa kwenye ujira. Abiria mmoja alisikika akilalamika kwamba anapaswa kufika kazini kwa kuwa ana watoto wa kulisha.

Tulinganishe na tukio jingine la reli na tabianchi. Tarehe 13 Juni 2008 wanaharakati wa Uingereza walisimamisha treni ya mizigo iliyokuwa ikipeleka makaa ya mawe katika kituo cha kufua umeme cha Drax, kaskazini mwa Uingereza. Walipanda juu ya mabehewa na kumwaga makaa kwenye reli. Walishtakiwa na kutiwa hatiani, lakini mwaka 2014 hukumu dhidi ya watu 29 ilifutwa, baada ya kubainika kwamba ushahidi wa askari kanzu aliyejipenyeza miongoni mwao haukuwekwa wazi mbele ya mahakama. Hakuna umati uliowavuta miguu. Mtu yeyote aliyeona picha ya kitendo kile alielewa mara moja uhusiano kati ya treni ile, makaa yale na moshi wa Drax. Kitendo kilijieleza chenyewe. Kule Canning Town ilihitajika hotuba ndefu kueleza uhusiano, na abiria hawakuwa na muda wa hotuba.

Jibu la pili linahusu gharama, na nani anaanza kuilipa. Tarehe 10 Oktoba 1947 wafanyakazi Waafrika wa reli ya Dakar–Niger walianza mgomo uliodumu hadi Machi 1948, wakidai kutendewa sawa na wenzao Wafaransa. Treni zilisimama kwa miezi mitano na watu wengi waliumia. Lakini walioumia kwanza ni wagomaji wenyewe na familia zao, waliokaa bila mishahara. Kwa hiyo hata waliokosa usafiri waliweza kuona kwamba aliyewapa mzigo naye ameubeba. Vivyo hivyo kwa vibarua wa London wa mwaka 1889. Kule Canning Town aliyesimamisha treni alikuwa tayari kukamatwa na kufungwa, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, kafara yake ilikuwa bado haijaonekana, ilhali hasara ya abiria ilikuwa ikihesabiwa kwa dakika.

Ndani ya Extinction Rebellion kwenyewe hoja hizi zilikuwa zimeshatolewa. Kabla ya siku ile, kura ya maoni ya ndani ilionyesha kwamba asilimia 72 ya walioshiriki walipinga kuvuruga treni za chini ya ardhi. Lakini vuguvugu hilo liliundwa kwa vikundi vidogo vyenye uhuru wa kutenda, na vikundi vichache viliamua kuendelea. Baadaye wasemaji wake walieleza masikitiko. Hapa pana funzo la kiutawala kwa kila anayeongoza harakati: uhuru wa vikundi huleta wepesi, lakini kosa la wachache hubebwa na jina la wote.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba umma ulikataa. Historia haikuishia hapo. Asubuhi ile ile, katika stesheni ya Shadwell isiyo mbali na Canning Town, watu wengine watatu walizuia treni kwa zaidi ya saa moja. Miongoni mwao walikuwamo kasisi mwanamke wa Kianglikana na padri wa Kikatoliki. Walifikishwa mahakamani London, na Januari 2022 jopo la raia wa kawaida likawaachia huru. Wanajopo walielezwa kwa utulivu sababu za kitendo, imani za washtakiwa, na tahadhari walizochukua, ikiwamo kuchagua stesheni iliyo juu ya ardhi ili abiria wasinaswe ndani ya mahandaki.

Kwa hiyo umma wa London ulitoa majibu mawili kuhusu asubuhi moja. Umma wa jukwaani ulipiga, umma wa mahakamani ukaachilia. Tofauti haikuwa ya elimu wala ya tabaka pekee. Mwanajopo alipewa siku kadhaa, kiti cha kukalia na maelezo kamili. Abiria alikuwa na saa mkononi na msimamizi anayemsubiri. Tunaposoma kwamba wananchi wanaunga mkono au wanapinga harakati fulani, yafaa tuulize waliulizwa wakiwa wamesimama wapi.

Haya yote hayahalalishi kumpiga mtu aliyelala chini. Hasira ya abiria ilikuwa na sababu, lakini sababu ya hasira si kibali cha ngumi. Ndiyo maana nawarudisha wanafunzi wangu kwa wale wahudumu wa stesheni. Kazi yao ilikuwa imevurugwa kuliko ya yeyote, na bado walisimama kati ya umati na mtu yule.

Upo mhusika wa tatu ambaye video haimwonyeshi, nayo ni dola. Aprili 2019 vuguvugu hilo lilikalia barabara na madaraja ya London, watu zaidi ya 1,000 wakakamatwa, na tarehe 1 Mei Bunge la Uingereza likatangaza dharura ya tabianchi. Mwezi uliofuata sheria ilirekebishwa ili nchi ifikie uzalishaji sifuri wa gesijoto kwa hesabu halisi ifikapo mwaka 2050. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kero ya umma iliyoongezeka baadaye ilitumika kujengea hoja ya sheria kali za maandamano za mwaka 2022 na 2023. Sheria ya mwaka 2023 ililifanya tendo la kuingilia miundombinu muhimu, reli ikiwamo, kuwa kosa mahsusi lenye adhabu ya hadi miezi 12 gerezani. Abiria aliyekasirika Canning Town alitaka kufika kazini tu. Sheria zilizofuata zinambana pia mfanyakazi wa kesho mwenye dai jingine kabisa.

Extinction Rebellion nao walijifunza. Mwanzoni mwa mwaka 2023 walitangaza kuacha kwa muda mbinu ya kuvuruga shughuli za umma, na Aprili mwaka huo wakaita mkusanyiko mkubwa mbele ya Bunge, wakikaribisha hata wasiowahi kuandamana.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limepingwa London na limepingwa Kampala, ambako mwaka 2022 wanafunzi waliotembea kuonyesha msimamo wao waliishia mikononi mwa polisi. Katika miji yetu watu wengi zaidi hulipwa kwa siku kuliko ilivyo London. Mwanaharakati wa huku akifunga njia ya daladala alfajiri, atakutana na Canning Town yake kabla jua halijachomoza, na mtumishi wa umma mwenye rasimu ya sheria mezani atapata kisingizio alichokuwa akikitafuta.

Ushauri wangu kwa vijana wanaoniuliza ni huu. Kabla ya kuchagua mahali pa kusimama, andikeni majina ya watakaoumia siku hiyo, kisha muulize ni wangapi kati yao wameketi na ninyi katika kikao cha maandalizi. Orodha ikionyesha kwamba hakuna hata mmoja, kikao hakijakamilika. Na kwa watumishi wa umma: abiria wa Canning Town hawakuomba sheria mpya. Walitaka treni iondoke, na wengi wao wangali wanavuta hewa ile ile chafu ya Newham ambayo mtu yule juu ya paa alidai kuipigania.