Kumpeleka Mtoto Kwenye Ziwa la Mlimani: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari

Juu ya Mlima Kenya kuna maziwa madogo yaliyochimbwa na barafu zamani. Barafu ilitambaa kwenye miteremko ikachonga mabonde, na ilipoyeyuka maji yakabaki. Katika njia ya Chogoria, Ziwa Ellis liko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Michaelson karibu mita 4,000. Ni mahali pazuri pa kutembelea na familia, lakini mwili wa mtoto unahitaji maandalizi.

Kwa nini mwinuko humwathiri mtoto?

Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, ila unahitaji muda. Ukipanda haraka, unaweza kupata ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Humpata mkubwa na mdogo, hata mwenye nguvu na afya njema.

Dalili za kuangalia

Mtoto mkubwa atakuambia kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu au amechoka sana. Mtoto ambaye hajaanza kusema hawezi kukueleza. Kwake, angalia haya:

- analia bila kunyamazika
- anakataa kunyonya au kula
- anatapika
- hataki kucheza, au halali vizuri kuliko kawaida yake

Dalili hizi hufanana na za uchovu au homa. Mkiwa juu mlimani, zichukulie kuwa ni za mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.

Shukeni mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:

- mtoto anahema kwa shida hata akiwa amepumzika
- anakohoa mfululizo, au midomo imebadilika kuwa ya buluu au kijivu
- anayumba anapotembea
- amechanganyikiwa, au ni vigumu kumwamsha

Hizi ni dalili za maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba. Hali hizi zinaweza kuua kwa saa chache. Tiba kubwa ni kushuka. Mbebe mtoto, usimwache ajitahidi kutembea. Mkifika chini, mpeleke hospitali hata kama ameanza kupata nafuu.

Nani asiende bila kumwona daktari?

- Mtoto mwenye selimundu. Upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali na kuhatarisha maisha yake. Kama kuna selimundu katika ukoo wenu na mtoto hajapimwa, mpime kwanza. Hata mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu anaweza kupata madhara ya wengu akiwa juu sana.
- Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, au aliyezaliwa njiti.
- Mtoto mwenye upungufu wa damu.
- Mama mjamzito.

Mtoto mwenye mafua au kikohozi, ahirisha safari yake hadi apone.

Pandeni polepole

Mkishapita mita 3,000, mahali mnapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Lango la Chogoria liko karibu mita 3,000. Kwa anayetoka Mombasa au Dar es Salaam, ni vyema alale kwanza mahali pa chini zaidi, kisha apumzike langoni usiku mbili. Usiku unaofuata laleni karibu na Ziwa Ellis, ndipo mfikirie Michaelson. Mtoto akiumwa kichwa, msipande zaidi hadi apone. Akizidiwa, shukeni.

Parasitamoli inaweza kutuliza kichwa, kwa kipimo cha uzito wake, lakini haimruhusu kuendelea kupanda. Usimpe dawa ya kumlaza. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zitolewe na daktari tu.

Baridi, jua na maji

*Baridi.* Wewe unayetembea unatoka jasho, lakini mtoto aliye mgongoni hajisogezi na hupoa bila wewe kujua. Kila mnapopumzika, mguse tumbo na shingo. Akiwa wa baridi, mvue nguo zenye unyevu, mkumbatie ngozi kwa ngozi na mfunike pamoja nawe. Hakikisha pia kitambaa cha kumbebea hakizibi pua wala hakikazi miguu.

*Kuogelea.* Maji ya ziwa ni baridi kali. Anayetumbukia ghafla huvuta pumzi bila kutaka, na anaweza kumeza maji na kuzama hata kama anajua kuogelea. Mshike mtoto mkono ukingoni.

*Jua.* Mionzi huongezeka kadiri mnavyopanda, hata kukiwa na mawingu. Mvalishe kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua.

*Maji ya kunywa.* Maji maangavu si lazima yawe salama, kwani wanyama hunywa humohumo. Juu huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kawaida, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu. Anayenyonya aendelee kunyonya mara kwa mara.

Kabla ya kuondoka

Kubalianeni na mwongozaji kwamba mtoto akiugua mtashuka, hata ziwa likiwa limeshaonekana. Ulizeni pia nani atashuka nanyi na gari litawangoja wapi. Ziwa litakuwepo mwaka ujao.