Maji Nyuma ya Moto: Reli ya Arusha na Ukuta wa Injini ya Mvuke

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilifika Moshi mwaka 1911, kisha ikapita miaka mingine 18, pamoja na Vita Kuu na mabadiliko ya watawala, ndipo njia hiyo ikaingia Arusha mwaka 1929 chini ya Waingereza. Historia yake kwa kawaida huandikwa kupitia mkonge, kahawa na walowezi, na kwa haki, kwa kuwa mazao ndiyo yaliyoilipia. Hata hivyo imeachwa kando habari ya mafundi waliolinda bamba la chuma lisilainike mbele ya moto, ilhali bila kazi yao hakuna gunia hata moja ambalo lingeshuka kutoka Meru hadi pwani.

Injini ya mvuke ilikuwa na chumba cha moto kilichozungukwa na maji pande zote na juu ya dari, na kutoka chumba hicho mabomba mengi yalipitisha gesi za moto ndani ya boila, yaani pipa kubwa la chuma lililojaa maji. Joto la ndimi za moto, ambalo huzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, lilifika ukutani zaidi kwa mnururisho, yaani kusafiri kwa joto bila kuhitaji kitu cha kulibeba, kisha likapenya bamba na kupokewa na maji yaliyochemka upande wa pili. Kwa kuwa maji yanayochemka hupokea joto kwa wepesi kuliko gesi inavyolitoa, ukuta ulibaki na joto lililokaribia lile la maji kuliko lile la moto. Kwa sababu hiyo viwanda vya Ulaya vilipenda kwa muda mrefu kutengeneza chumba hicho kwa shaba, ambayo hupitisha joto upesi kuliko chuma.

Ulinzi huo ulitegemea maji yenyewe, wingi wake na usafi wake. Yakipungua hata dari ya chumba cha moto ikabaki wazi, bamba hulainika kwa muda mfupi na kushindwa kuhimili kani ya mvuke. Kwa hiyo dereva na mchochea moto walikodolea macho kioo cha kupimia maji, na darini palitiwa kizibo chenye risasi, madini yanayoyeyuka kwa nyuzi 327, ili mvuke upenye na kutoa onyo kabla ya msiba. Chokaa iliyomo majini nayo iliacha utandu juu ya bamba, kama ule wa ndani ya birika la chai, na utandu huo ulizuia joto lisiyafikie maji, hata ukuta ukaungua ilhali boila imejaa. Maji ya Mlima Meru, yanayopita katika miamba ya volkano, yana tabia nyingine: mengi yana floraidi na magadi, na maji yenye magadi mengi hutoa povu ndani ya boila, mvuke ukabeba matone hadi kwenye silinda. Uoshaji wa boila, kazi chafu isiyoimbwa na mtu, ndio uliokuwa tiba.

Ustadi huo ulifikia kilele katika injini 34 za Daraja la 59, aina ya Garratt, zilizotengenezwa na Beyer Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Boila ilining'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, hivyo chumba cha moto, kilichotumia mafuta mazito, kiliweza kupanuliwa na kushushwa bila kubanwa na magurudumu chini yake. Kila moja ilipewa jina la mlima, na injini namba 5903 iliitwa "Mount Meru", ingawa kazi yake ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi, mbali na mlima wenyewe.

Suala la ukuta halikuondoka na mvuke. Katika injini za roketi za mlipuko unaozunguka, ambamo wimbi la mlipuko hukimbia kwa kasi inayopita ile ya sauti ndani ya uwazi wa umbo la pete, na kuupiga ukuta huo huo maelfu ya mara kwa sekunde, tabaka jembamba la gesi ambalo lingeukinga ukuta huvurugwa bila kukoma. Japani ilirusha injini ya aina hiyo Julai 2021, na mwaka 2022 NASA ikajaribu nyingine iliyotengenezwa kwa aloi ya shaba. Shaba imerudi kwa sababu ile ile ya zamani, na mafuta yanayopitishwa nyuma ya ukuta kabla ya kuchomwa yanaweza kushika kazi iliyofanywa na maji ya boila.

Mafundi wa karakana za reli walioijua kazi hii kwa mikono wanazidi kupungua, na maelezo yao yanastahili kurekodiwa sasa. Kati ya injini 34 za Daraja la 59 zimehifadhiwa mbili tu, "Mount Gelai", yenye jina la mlima wa Longido mkoani Arusha na iliyopo katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na "Mount Shengena", yenye jina la kilele cha Upare. "Mount Meru" haikuhifadhiwa.