Mwaka Ulioanza kwa Mbegu



Yamkini tayari umetenga ukurasa wa daftari lako kwa ajili ya malengo ya mwaka mpya. Kabla hujaandika, nakuomba uitazame desturi moja ya nchi hii ambayo wengi wetu hapa Bujumbura tunaijua kwa jina tu: Umuganuro.

Katika Burundi ya kifalme, mwaka haukufunguliwa kwa tarehe iliyochapishwa. Ulifunguliwa kwa mtama. Mwezi wa Disemba, ambao Kirundi huuita Kigarama, watu walikusanyika katika makao ya mwami, kama vile Muramvya na Bukeye. Ngoma zilipigwa, na Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, ilipewa heshima yake. Mwami alionja chakula cha mtama mbele ya wakuu wake, na baada ya hapo msimu wa kupanda ukawa umefunguliwa kwa nchi nzima. Majirani zetu Wanyarwanda wana Umuganura, jina linalokaribiana sana, lakini wao husherehekea mavuno. Warundi walisherehekea kupanda. Naona tofauti hiyo ni kubwa: mwenye kuvuna hushukuru kwa alichokipata, ilhali mwenye kupanda hujifunga kwa kazi ambayo matunda yake hajayaona.

Wewe unayejifunza Kiswahili, tazama na lugha yenyewe. Kirundi husema umwaka kama sisi tusemavyo mwaka, lakini wingi wake, imyaka, humaanisha miaka na pia mazao ya shambani. Katika baadhi ya sehemu za pwani, neno mwaka limewahi kutumika kwa maana ya mvua kubwa za masika. Hivyo ndivyo wazee walivyouhesabu wakati: kwa mvua na kwa kile kilichoota. Na neno ingoma kwa Kirundi ni ngoma, kisha ni ufalme wenyewe.

Umuganuro wa mwisho wa zama hizo ulifanyika mwaka 1929. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji, nao pamoja na wamisionari waliiona sherehe hiyo kuwa upagani. Mwami Mwambutsa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kutawazwa angali mtoto mdogo, alikuwa bado kijana. Walioshika siri za ibada hiyo, kizazi baada ya kizazi, wakabaki bila kazi.

Usidhani kwamba walichozuia ni ngoma na karamu tu. Mwenye uwezo wa kutangaza kwamba mwaka umeanza ana mamlaka juu ya kazi ya kila mkulima. Mamlaka hayo yalihamia kwenye kalenda ya ofisi, ya kodi na ya kanisa, na mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, ukawa makao ya utawala huo mpya. Ngoma zenyewe hazikufa. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mtama nao uliendelea kupandwa, kwa kuwa mvua haingoji ruhusa ya mtu. Kilichopotea ni ile siku ambayo watu wote walisimama pamoja wakajua kwamba kuanzia hapo kazi imeanza, na kwamba kila mmoja ameonwa na mwenzake.

Nasi tumerithi tarehe 1 Januari, siku ya mtu na daftari lake. Anaandika peke yake, na akiacha, anaacha peke yake, hakuna atakayemuuliza.

Sikushauri urudi kwenye ibada ya mwami. Lakini lengo la mkulima wa Kigarama lilikuwa na mbegu mkononi, lilikuwa na mashahidi, na lilikuwa na siku ya hesabu, maana mtama uliopandwa Disemba huvunwa yapata Juni au Julai. Basi ukiandika kwamba mwaka huu utasoma riwaya mbili za Kiswahili, andika pia jina la riwaya ya kwanza na siku utakayoifungua. Kisha mtafute mtu, awe mwenzako wa darasani au jirani mmoja wa Buyenzi ambako Kiswahili hakilali, umpe ruhusa akuulize mwezi wa Julai umefika ukurasa gani.