Michoro ya Magome katika Msitu wa Ituri

Magharibi ya Butembo, nyanda za juu za Wanande zinaposhuka na kuingia katika msitu mkubwa wa Kongo, ndipo ilipo Manguredjipa, katika sekta ya Bapere ya wilaya ya Lubero, mji unaotajwa zaidi kwa dhahabu yake kuliko kwa jambo jingine lolote. Hata hivyo, msitu huo, unaoendelea kaskazini hadi Beni, Mambasa na Epulu kwa jina la Ituri, una historia nyingine isiyopewa uzito unaostahili, nayo ni ya wanawake Wabambuti, Waefe na Wasua wakiwa miongoni mwao, waliokuwa wakichora juu ya magome ya miti kabla mgeni yeyote hajafika kuandika habari zao.

Uchoraji dhahania, yaani ule usiokusudia kuonyesha sura ya mtu, ya mnyama au ya mahali bali hutegemea mstari, rangi na nafasi peke yake, umezoeleka kuelezwa kana kwamba ulianzia Ulaya karibu na mwaka 1910, kwa Wassily Kandinsky na wenzake. Maelezo hayo yanaifaa historia ya turubai za Ulaya, lakini yakichukuliwa kuwa ndiyo historia yote ya sanaa hiyo, huwafuta watu waliofanya kazi ya namna hiyo bila kusoma ilani ya msanii yeyote.

Kazi huanza kwa wanaume, ambao hubandua gome la mti wa jamii ya mtini, wakaondoa tabaka gumu la nje, kisha wakalitandaza lile la ndani juu ya gogo na kulipiga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu iliyochongwa mifuo usoni, hadi nyuzi zitanuke na kulainika. Kitambaa kinachopatikana, kiitwacho murumba au pongo, hakitoki kikiwa sawa kila mahali: kingo hupinda, unene hutofautiana, na pengine hubaki tundu palipokuwa na kifundo cha tawi. Hapo ndipo mwanamke anapokipokea. Huchanganya maji ya tunda la mgardenia na unga wa makaa, akapata wino mweusi anaoupaka kwa kijiti, kwa ubua au kwa ncha ya kidole. Na wino huohuo hupambia mwili, kwa hiyo mistari iliyo kwenye kitambaa ni ndugu wa ile inayochorwa mgongoni na usoni, hasa wakati wa elima, yaani sherehe ya msichana anapovunja ungo.

Tofauti kali, ambayo kwa mchoraji ni kuweka kando kwa kando mambo yanayopingana ili kila moja lionekane zaidi, huanzia kwenye weusi wa wino juu ya rangi hafifu ya gome, lakini haiishii hapo. Sehemu moja ya kitambaa inaweza kujazwa mistari myembamba iliyopishana mpaka gome likakaribia kufichika, na pembeni yake pakaachwa wazi kabisa, pasipo hata nukta. Mahali wazi pa namna hiyo pamewahi kudhaniwa kuwa ni kazi iliyoachwa njiani. Dhana hiyo ni ya makosa, kwa sababu mistari inayolizunguka pengo mara nyingi hukoma ukingoni mwake kwa uangalifu, na jicho hupumzika hapo kabla ya kuendelea.

Kuhusu kasoro zinazoonekana katika mistari yenyewe, mtazamaji akifuata safu moja ya pembetatu kutoka ukingo hadi ukingo, huweza kuona ya tatu imepungua, ya tano imegeuzwa, na mstari unaozibeba umekatika ghafla kisha ukaanza tena chini kidogo ya pale ulipokatikia. Nusu mbili za kitambaa mara nyingi hazilingani, na si ajabu zikawa zimechorwa na mikono miwili tofauti. Uwiano wake, kwa hiyo, hautokani na ulinganifu wa pande bali na mwendo, na hapa muziki wa Wabambuti unasaidia kueleza, kwa kuwa wao huimba kwa sauti nyingi zinazoingiliana, kila mwimbaji akishika kipande chake na kunyamaza palipo zamu ya mwingine. Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, aliuunganisha uchoraji huo na mapigo ya muziki yanayokatizwa katika kitabu alichokitoa pamoja na Georges Meurant mwaka 1995, na hoja yake ina nguvu kuliko ile ya wanaoutafutia mfano kwa mchoraji Paul Klee. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi na Wabambuti wa Epulu katika miaka ya 1950, alikuwa ameeleza mapema jinsi wanavyothamini ekimi, yaani utulivu, na kuchukia akami, yaani kelele na vurugu. Ni halali kuliona pengo lisilochorwa kuwa ni utulivu wa aina hiyo.

Vitambaa hivyo vilikuwa nguo kabla ya kuwa picha. Pamba iliyoletwa na biashara ya kikoloni ilipoenea, gome liliacha kuvaliwa kila siku na likabaki zaidi kwa sherehe. Kisha, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, wanunuzi waliyachukua magome kwa wingi hadi Ulaya na Marekani, ambako yalitundikwa ukutani na kupanda bei, huku lebo zikitaja kabila na msitu bila kumtaja mchoraji. Msitu wenyewe haukupata amani: operesheni ya kijeshi ya makundi ya waasi, mwaka 2002 na 2003, kuelekea Mambasa iliwasukuma Wabambuti pamoja na majirani zao hadi Beni, na tangu 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafukuza watu katika sekta ya Bapere, Manguredjipa ikiwemo.

Wachoraji wazee wangali hai katika makambi na pembezoni mwa miji. Walimu, maparokia na vyuo vikuu vya Butembo na Beni hawahitaji fedha nyingi kuwatembelea, kuandika majina yao kwa idhini yao na kuwauliza kila mchoro umefanywaje. Kazi hiyo ianze sasa, wakiwapo wa kujibu.