Kazi ya avoka mbele ya korti: somo la kesi ya Baraka, na deni la Makobola

Wengi wanafikiri avoka ni mutu wa kusema kwa nguvu. Kumbe kazi yake kubwa ni kumusaidia jaji ajue nani alifanya nini, fasi gani, na kwa amri ya nani.

Siku ya Bonane 2011, askari wa FARDC walivamia raia muji wa Fizi, wakaiba na kubaka wanawake. Korti ya kijeshi ya Kivu Kusini ilikuja kuhukumu kwetu Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni-Kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa anakana, alikatiwa miaka 20 ya gereza kwa makosa dhidi ya ubinadamu.

Pale korti kuko pande tatu. Oditera wa jeshi analeta mashtaka. Avoka wa wahanga anaingia kama parti sivile na kuomba malipo. Avoka wa washtakiwa anawatetea, kwani kila mushtakiwa iko na haki hiyo.

Maswali ya avoka yanapitia kwa prezida wa korti. Yanapaswa kuwa mafupi: Ulikuwa wapi? Kulikuwa mwangaza? Ulimutambua namna gani? Swali lenye kumutilia shahidi jibu mu kinywa linaharibu ushahidi. Avoka wa upande mwingine atatafuta maneno yanayopingana. Kwa hiyo shahidi asiyejua aseme tu «sijui».

Mama aliyebakwa anaweza kueleza yaliyomupata, lakini mara nyingi hakusikia amri ya mukubwa. Hiyo avoka ataitafuta kwa mashahidi wengine, hata askari wenyewe.

Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inaruhusu mama huyo kuwa na avoka, na kuomba asikilizwe milango ikiwa imefungwa.

Makobola ingali inangoja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 inasema zaidi ya watu 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Korti ya La Haye haiwezi kushika kesi hiyo, maana inahukumu tu mambo ya kuanzia tarehe 1 Julai 2002.

Walioona wanazeeka. Familia ziandike sasa majina ya marehemu, fasi walipouawa, na nani alikuwa pale. Bila hayo, hata avoka hodari ataingia korti mikono mitupu.